Nilimnunulia Mume Wangu Bastola ya Upepo, Sasa Hasemi na Mie

Asalaam alaykum admin, na nyote mnaosoma hapa, mama zangu, dada zangu, wanangu. Hapa kwetu Ghubra alhamdulillah. Bi mkubwa, mama wa mume wangu, mzima, miguu tu ndiyo inamsumbua. Mwanangu mkubwa na mkewe wazima. Binti yangu mzima, anakusalimuni. Mume wangu naye mzima wa kula na kulala, lakini hasemi na mie, na hilo ndilo lililonileta. Nifichieni jina langu tafadhalini, mawifi zangu wote wamo humu.

Nna miaka hamsini na nne. Skuli sikufika mbali, nikikosea kuandika mnisamehe.

Mume wangu alipata kiharusi mwaka jana. Mguu umerudi, mkono wa kulia umelegea. Kila Ijumaa alasiri sote na ndugu zake tunakwenda upande wa Yiti, bondeni, wanaume wanapanga makopo juu ya mawe wanashindana shabaha. Tokea aumwe, bunduki yake hawezi kuinyanyua, anakaa kwenye kiti anawatizama wenzake. Roho ikiniuma. Nikasema nitamnunulia bastola ya upepo, nyepesi, aishike kwa mkono wa kushoto. Kibali anacho.

Dukani nikaoneshwa mbili. Moja ya kichupa cha gesi, unabonyeza tu. Ya pili haina gesi, kila ukitaka kupiga lazima uukunje mtutu kwa nguvu mpaka ulie tak. Maradhi ya mume wangu niliona haya kumtangazia mtu baki, nikasema tu ni ya mzee. Yule muuzaji akanambia, "Mama, hiyo ya gesi ya vijana kuchezea. Mzee mpelekee hii, hii ndiyo ya kiume." Na mie kwa kumjua mume wangu anavyojiona, nikachukua ya kiume!

Ijumaa tukaenda. Sisi wanawake tukatandika mkeka wetu mbali na wanaume, kama kawaida, na kahawa yetu na halua. Akaitoa bastola, ndugu zake wakaisifu. Zamu yake ilipofika akaibana baina ya magoti, akavuta mtutu. Haukukunjika. Akavuta tena, jasho linamtoka. Nyumbani mie ndiye ninayemfungulia chupa za dawa, ninayemkatia nyama, basi wala sikufikiri. Nikainuka mkekani, nikavuka mpaka kwa wanaume, nikaitoa bastola mkononi mwake, nikaukunja mtutu, tak! Nikamrejeshea.

Shemegi yangu mkubwa akaangua kicheko. "Haya jamani, mwenzetu kaja na mpakizi wake wa bastola! Shemegi, bakia huku huku, umfyatulie kabisa!" Wakacheka wote, mpaka wanawake kule mkekani.

Mume wangu hakupiga. Aliiweka juu ya jiwe akaenda kukaa garini. Njiani nikamwambia, "Baba watoto, mie nilitaka kukusaidia." Akanambia, "Ungeniacha nishindwe mwenyewe. Kairejeshe, na mambo ya Ijumaa usinitajie tena."

Tokea siku hiyo anakula peke yake chumbani. Nimechoka jamani! Yule muuzaji ananikera, shemegi ananikera, na yeye mwenyewe ananikera, kwani mie adui yake? Duka wamekubali nibadilishe nichukue ya gesi, mwisho Alkhamis hii. Nikimletea hiyo, atasema namwonesha kuwa hawezi. Nikiacha, ndiyo kashajifungia, na daktari alisema asikae ndani peke yake. Binti yangu ananambia, "Mama, irejeshe tu, yaishe." Yaishe vipi?

Jana alasiri nduguye mdogo alipiga simu, yule anayempenda kuliko wote. Nikampelekea simu mlangoni mwa chumba. Mume wangu akanambia taratibu, "Mwambie nimelala." Na macho yake wazi, ananitizama. Miaka yote niliyokaa naye sijapata kumsikia akimkimbia nduguye.

Nyinyi wenye waume waliopatwa na maradhi haya, nambieni kweli, nimchukulie ile ya gesi au nimwache? Na nijibuni upesi, Alkhamis haiko mbali.