Jumuiya Ilipokuja Kuniombea

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti hapa Chanji, mjini Sumbawanga. Nimekua nikisikia nyundo na mashine ya kukatia chuma tangu asubuhi, kwa hiyo niliposikia muziki wa hevi metali kwenye simu ya mshikaji mmoja wa chuoni, sikushtuka. Nilijisikia niko nyumbani.

Tulikuwa tumemzika baba miezi michache kabla, na karakana imefungwa. Nikaanza kuusoma muziki ule kwa bidii ambayo hesabu hazikuwahi kuipata kwangu. Ulianzia Uingereza, kwenye miji ya viwanda vya chuma, kwa vijana wa familia za wafanyakazi. Walizidisha sauti ya gitaa mpaka ikakwaruza, wakaipenda hivyo hivyo. Waliofuata wakaongeza kasi, na wengine wakaacha kuimba kabisa, wakanguruma kutoka tumboni. Nami, msichana wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, nikaanza kunguruma chumbani.

Kwa Sumbawanga, hapo nilijitakia. Mji wetu una sifa zake za uchawi tayari, na jirani akisikia binti ananguruma mchana kweupe, hafikirii muziki. Zamu ya sala za jumuiya ilipofika kwetu, majirani walikuja na maji ya baraka mengi kuliko kawaida. Mama mwenyekiti wa jumuiya akaniambia kwa upole nipige magoti. Nikawaeleza yote, viwanda, gitaa, kasi. Wakanisikiliza kama mgonjwa anayekataa sindano. Kisha mwenyekiti akamgeukia mama na kumshauri anikataze muziki ule kabisa.

Niliogopa kweli. Neno la mama nisingelipinga, na bila muziki ule sikujua ningeuvumiliaje ukimya wa karakana.

Mama akataka kwanza niimbe, wote wasikie. Nikaimba, nikanguruma mpaka koo likawaka moto. Nilipomaliza, watu walikuwa wanaangalia mkeka.

“Siku tunamzika baba yake, huyu hakutoa hata chozi,” mama akasema. “Nikadhani nimezaa jiwe. Mwacheni mwanangu alie.”

Mama mwenyekiti akaiweka chini chupa ya maji ya baraka. Akanishika bega, akaniuliza kama wimbo ule una ubeti wa pili.