Mvua Yangu ya Mabidoni

Kwenye chantier yetu ya kujenga nyumba kule Muhumba, mimi ndiye napigaka picha, ili mvua ikitukawisha, patron, bosi wetu, akuwe na ushahidi wa kuomba mwenye jengo siku zingine za kazi. Juzi mvua ilinyesha siku nzima, nami nikasahau kupiga picha. Asubuhi yake, jua kali. Niliogopa kufukuzwa, basi nikamwaga mabidoni ya maji chini, nikapiga picha ya matope, nikajiona enjinia wa mawingu.

Leo mwenye jengo alionyesha picha hiyo ukutani, kubwa, mbele ya patron. Mwenye jengo aliitazama sana, kisha akaniuliza polepole:

"Papa, na hii mvua yote, huyu jirani hapa nyuma kwenye picha alianika mashuka inje sababu ya nini?"