Kwenda Mlandege Kupumzika

Nilitoka Mbeya wiki ya Krismasi kwa sababu moja tu: kwenda kulala. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na tangu mvua zianze nilikuwa nikijifungia chooni kazini na kulia bila kujua ninacholilia. Daktari wetu akanishauri niende likizo nyumbani, nisipike, nisihudumie mtu. Nyumbani ni Mlandege, Iringa, ambako mimi, mtoto wa kwanza, ndiye mpishi wa kila sikukuu. Nikawahi kuandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp: "Jamani, nimechoka. Mwaka huu nataka kupumzika."

Muuguzi mzima. Ndugu wangapi nimewaambia kwamba mgonjwa wao amepumzika, na bado neno hilo sikulifikiria.

Asubuhi, stendi ya Mbeya. Basi halijatoka, shangazi kashapiga simu.

"Neema, umekula? Usikae peke yako."

Nikamwambia basi limejaa. Hakusikia, alishaanza kuniombea, nami nimesimama na simu sikioni huku watu wananipiga vikumbo na mizigo yao.

Makambako, upepo na baridi yake ileile. Kondakta alinijia kwa upole wa msibani.

"Dada, samahani, hamia siti ya huku katikati."

"Kwa nini? Mimi nimekata tiketi ya dirishani."

"Mdogo wako Isaya kapata namba yangu. Kasema dirishani usikae."

Nikahama. Mama niliyekalishwa naye alinishika mkono mpaka Mafinga, akinieleza jinsi maisha yalivyo matamu, na kiganja chake kilikuwa na mafuta ya kuku wa kukaanga. Nilitaka kutazama nje tu nisiwaze kitu. Hata hilo nilinyimwa.

Ipogolo, chini ya kilima cha mji, Isaya alikuwa ananisubiri na bajaji. Mkoba wangu aliubeba mwenyewe, akiupapasa kama askari wa getini.

Mlandege. Sebule imejaa kinamama wa usharika, wanaimba nyimbo ambazo kwetu huimbwa msibani. Mama yangu kakaa chini kwenye mkeka. Aliponiona hakusimama.

"Kamwene, mama," nikamsalimia.

"Mwanangu," akasema, "kupumzika kupi?"

"Kulala, mama. Kulala, na kutopika."

Nyumba nzima ikacheka. Shangazi akajifuta machozi, akanisogezea beseni la vitunguu saumu.

"Kumbe ni hilo tu? Haya, menya basi, wageni wanakuja."

Hapo ndipo nilipochoka kweli. Nikalisukuma beseni.

"Shangazi, si hilo tu. Kazini nalia chooni na sijui kwa nini. Mkinipa jiko hili tena, sijui nitarudi Mbeya nikiwa mtu wa namna gani."

Nikaona aibu mbele ya kinamama wale. Mama ndiye aliyeinuka. Akachukua beseni akampa Isaya. Isaya akasema yeye ni mwanaume, mama akamuuliza kama wanaume hawana vidole. Kisha akanipeleka chumbani kwake, akashusha pazia, akakaa miguuni pa kitanda.

"Mimi pia huwa nalia," akasema. "Huko jikoni, sikukuu kama hizi. Nasingizia moshi."

Nikalala. Krismasi ilipita nikiwa kwenye blanketi la mama, na pilau ya Isaya iliungua, watu wakaila hivyohivyo.

Safari ya kurudi, niliwahi siti ya dirishani na hakuna aliyenihamisha. Nikawa najisemea kwamba nilichojifunza ni kuandika "kulala" ninapotaka kulala. Karibu na Mafinga simu ikalia ujumbe. Mama kaandika kwenye kundi la ukoo: "Pasaka na mimi nataka kupumzika."

Isaya kaweka vikatuni vya kucheka. Shangazi naye vilevile. Na mimi nilicheka kidogo, halafu nikakumbuka ule moshi. Nikampigia palepale, abiria wakageuka kunitazama.

"Mama," nikasema, "kupumzika kupi?"