Saksifraga Ndani ya Friji

Mume wangu anaona kwa jicho moja. La pili liliharibika siku ile kundi la watu lilipopita South Beach, hapa Durban, likifunga kwa nguvu maduka ya wageni kama sisi, na kila anayeniuliza namjibu kwamba walimpiga wahuni. Ni kweli walimpiga. Ila huo ni ukweli nusu, na nimechoka kupewa pole huku nusu ya pili sijawahi kuisema.

Mimi ni msusi. Duka letu liko chini ya jengo refu la flats, mbele yeye anatengeneza simu, nyuma nina kiti kimoja, kioo kimoja na friji ya soda yenye mlango wa kioo. Tuliinunua Mobeni kwenye uwanja wa vyuma chakavu, nikaifungia taa. Ndani yake hamna soda hata moja. Kuna saksifraga, mimea ya milima ya baridi, inayoota kwenye nyufa za miamba huko juu karibu na theluji. Kila mmea ni donge dogo gumu, vishada vya majani vimebanana kama kichwa kilichosukwa mabutu, na ukingoni mwa kila jani kuna chembe nyeupe za chokaa. Wateja wangu husema nimechanganyikiwa. Mmoja alisema afadhali ningefuga kuku.

Durban inaichukia mimea hii. Joto la Januari likiingia, pamoja na ule unyevu wa bahari unaofanya hata chumvi ilowe, donge linaoza kuanzia katikati. Asubuhi ni zima, jioni ukilibonyeza kidole kinazama. Nimeua mengi kuliko niliyookoa, na kila moja nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Mimi nikifiwa napigana.

Ugonjwa huu aliniambukiza mzee mmoja wa mtaa wa Morningside. Nilipofika hapa kutoka Bukavu sikuwa na kiti cha kusukia, nikawa namfulia na kumsafishia nyumba mara mbili kwa wiki. Alikuwa na chumba kimoja kilichofungwa siku zote, mashine ya baridi inanguruma ndani mchana kutwa, na mimi nikidhani amehifadhi maiti. Siku moja nikasikia kishindo, kisha kingine. Nikafungua mlango. Mzee alikuwa anavipiga vyungu ukutani, kimoja baada ya kingine, uso mwekundu, anatukana kwa lugha ya kwao. Funza walikuwa wamekula mizizi. Hakunionea aibu. Alinipa chungu kimoja akaniambia nikifukue, nikamkuta funza mnene mweupe amejikunja kwenye changarawe. Nikamponda kwa ukucha bila kufikiri, kama ninavyoponda chawa kichwani mwa mteja asiyejua kuwa anao. Mzee akacheka. Kuanzia siku hiyo nguo zake zilichelewa kuoshwa.

Alinifundisha kazi kwa ukali. Maji hayamwagwi juu ya donge wakati wa joto, yanamwagwa kwenye mchanga ambamo chungu kimezamishwa, mizizi inyonye yenyewe. Ukiona doa la kahawia, hata dogo kama punje ya dengu, unachukua wembe na kukata mpaka ufike penye uzima, hata kama ni kukata nusu ya mmea ulioulea miaka sita. Nilisita mara moja tu. Alininyang'anya wembe, akakata yeye, akanipiga kofi mkononi kama mtoto aliyeshika moto. Nilimwambia akirudia nitamrudishia. Aliniangalia, akasema sawa, na hakurudia.

Mara moja kwa mwaka alinichukua kwenye gari lake kwenda kuangalia mimea ya wenzake. Hawakuwa wengi, wote wazee, wote wakali. Mmoja alikuwa mama aliyekaa juu kwenye milima ya Drakensberg, ambako jalidi, ule umande ulioganda, huanguka usiku wa Juni na saksifraga zake zilikaa nje kwenye ukuta wa mawe, zimejibana, zina afya ya kukera. Huko mgeni hashiki kitu. Unasimama mikono nyuma, unaangalia, na mwenyeji akipenda anakukatia kishada kimoja, anakifunga kwenye karatasi mbichi, na lazima kilale mchangani kabla siku haijaisha. Nilisimama mikono nyuma na roho ikiniuma kwa wivu. Nilitaka kumsukuma yule mama kutoka kwenye ukuta wake mwenyewe. Nilijishangaa, kwa sababu nyumbani kwetu milima iko kila upande na sikuwahi hata siku moja kuinama kuangalia kilichoota kwenye jiwe.

Mzee alipofariki, binti yake aliniambia nichukue ninachotaka, kesho yake takataka zinapita. Nilichukua trei tatu. Katika trei hizo kulikuwa na donge moja, upana wa kiganja, ambalo mzee alilizalisha mwenyewe kwa mbegu na hakuwahi kumkatia mtu yeyote. Duniani lilikuwa moja tu. Nikalipeleka kwenye friji ya soda, na nikawa mkali juu yake kupita alivyokuwa yeye.

Mume wangu alijua ukali huo kwa mwili wake. Kulikuwa na siku aliichomoa friji ili achomeke mashine yake ya kulehemu, akasahau. Saa mbili hivi. Nilipofungua mlango, hewa iliyotoka ilikuwa ya moto, na madonge kumi na moja yalikuwa yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Lile la mzee lilipona kwa sababu lilikuwa chini kabisa. Nilichukua chupa ya mafuta ya nywele, ya kioo, nikamrushia. Ilimpasua paji la uso. Alishonwa nyuzi tano, na kovu lipo mpaka leo, limekaa kama nyusi ya tatu. Nililia, nikaomba msamaha, akasamehe. Lakini tangu hapo, umeme ukikatika tu, yeye ndiye anayekimbia petrol station kuleta barafu, na mimi nahamishia vyungu kwenye sanduku la baridi. Hatukupanga hivyo. Ilikuwa tu desturi ya nyumba yetu, nami niliiona kama mapenzi.

Siku ile simu zilianza kulia mapema. Ujumbe ulikuwa ule ule kutoka kila mahali: msifungue, wanakuja. Tulikuwa tayari dukani, tukashusha shata ya chuma na kukaa ndani. Saa tano umeme ukakatika. Haikuwa kwenye ratiba ya mgao. Taa za friji zikazimika, na nikaanza kuangalia kipimajoto.

"Papa, barafu," nikamwambia mume wangu.

"Mama, iko bantu kule njiani. Banatembea na fimbo."

"Utapita nyuma. Petrol station haiko mbali."

"Tungoje kidogo. Kuran ya umeme inaweza kurudia."

"Tungoje mpaka bioze?"

Nilimwangalia kwenye paji la uso, pale penye kovu, nikaendelea kupaangalia. Alichukua funguo, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Wakafika kabla hajarudi. Nilisikia kwanza kioo cha duka la jirani, halafu nyimbo, halafu tofali likagonga shata yetu na duka zima likatetemeka. Walipiga kwa matofali, walipiga kwa vyuma, walitukana mama yangu ambaye hawamjui. Makopo yalianguka kutoka kwenye rafu. Mtu akaingiza nondo chini ya shata na kuanza kuinua, mwanga ukapenya sakafuni, na mkono ukaingia kutafuta kitasa. Ulikuwa mkono wa mtu mzima, una pete. Niliukanyaga kwa kisigino, nikauzungusha kisigino, nikasikia kitu kikivunjika na mtu akipiga yowe. Sikuogopa. Niseme ukweli, nilifurahi. Ungeingia mkono wa pili, ningeuvunja nao pia. Mkono ulipochomolewa nilirudi nyuma nikaegemeza mgongo kwenye friji, na ndani ya hasira ile yote nilikuwa bado nageuka kusoma kipimajoto. Nyuzi kumi na saba.

Sijui kwa nini waliondoka. Labda walisikia polisi, labda duka linalofuata lilikuwa laini zaidi. Kelele zikasogea kuelekea mtaa wa Point, na hapo nikasikia mlango wa nyuma.

Mume wangu aliingia na mifuko miwili ya barafu. Mmoja ulikuwa umepasuka, ameukumbatia kifuani kama mtoto, na maji yake yalishuka mekundu kwenye shati. Upande wa kushoto wa uso wake haukuwa uso. Walimpiga na chuma kwenye kona, baadaye ndipo nilipojua, wakampiga tena alipoanguka, na mmoja akamwambia aache hiyo mifuko. Hakuiacha.

"Barafu hii," akasema.

Niliichukua. Nilifungua sanduku, nikamwaga mfuko mmoja chini, nikatandika gazeti, nikapanga vyungu, donge la mzee katikati, nikazungushia mfuko wa pili pembeni, nikafunga, nikaweka mkanda. Naifanya kazi hiyo vizuri. Ilichukua dakika kumi, na katika dakika hizo sikumwangalia hata mara moja. Nilipogeuka alikuwa ameketi kwenye kiti changu cha kusukia, mbele ya kioo, anajaribu kujiona.

"Iko barafu ingine kidogo?" akauliza. "Ya kuweka hapa."

Nikamwambia angoje kwanza. Kwa sababu ukifungua sanduku baridi inatoka. Hayo ndiyo nilikuwa nayo kichwani, nami nayaandika kama yalivyokuwa. Nililowesha taulo ya saluni kwenye maji ya bomba, ambayo Januari hutoka vuguvugu, nikamkandamizia jichoni. Alisema asante.

Hospitalini tulifika alasiri. Nesi aliyetupokea alikuwa mama mpole wa makamo, ana haraka, ana wengi wa kuwashughulikia. Alimfunua taulo, akavuta pumzi, akaanza kuandika. Alitaka kujua walimpiga na nini, saa ngapi, kama alitapika, kama alizimia. Daktari alikuja kusema mambo ya ndani ya jicho, damu na presha, na hakusema kama kuna kitu ambacho kingesaidia. Mpaka leo sijathubutu kumuuliza mtu yeyote. Donge la mzee lilipona. Mwezi wa nane lilichanua maua saba meupe, na mume wangu aligeuza kichwa kizima ili ayaone.

Lakini swali la nesi nalikumbuka. Aliuliza kama tuliweka barafu mara moja, baada tu ya kupigwa. Aliniuliza mimi, akinitazama mimi, maana mgonjwa alikuwa na mdomo uliovimba. Nikafungua kinywa.

"Hapakuwa na barafu, sista," mume wangu akajibu kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. "Umeme ulikatika."

Nesi akaandika. Nami nikamwacha aandike.