Kopo la Mama Mkwe

Siku hiyo naikumbuka mpaka leo, mwanangu, maana ndiyo siku niliyomfukuza mtu mwema kwa mdomo wangu huu huu.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Hapa mtaani Buzebazeba, Ujiji, karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wa kutoka Burundi, na kila mwenye nyumba alikuwa na lake la kumshuku. Kwangu alikaa Dafroza, mama wa makamo, akinisaidia kumuuguza mama mkwe wangu. Kumwosha na kumwaga kopo lake la haja ndogo ilikuwa kazi yake, kwa sababu kwetu mkwe hatazami vitu hivyo. Ukivitazama umemvunjia mzee heshima. Nami nilijiona mkwe mwenye adabu kweli kweli.

Basi mama mkwe akabadilika ghafla. Mzee mwenye akili zake timamu akaanza kuniita kwa jina la dada yake marehemu, akakataa maji, akasema yametiwa kitu. Nikaanza kumtazama Dafroza kwa jicho la pembeni. Asubuhi moja nikachungulia dirishani, nikamwona ameinua kopo kwenye mwanga, analinusa, kisha anamimina kidogo kwenye kichupa na kukificha ndani ya kitenge. Moyo ukanilipuka. Mkojo wa mtu unachukuliwa wa nini, kama si uchawi? Nikampokonya, nikaumwaga jivuni, nikamwambia afungashe.

Hakupandisha sauti. "Oya, hapana, Mama Riziki. Mkojo wa bibi una ukungu na unanuka tangu juzi. Anakojoa matone, analia. Nilitaka wauone zahanati."

Nikamwambia hadithi hizo akawasimulie wenzake kambini. Akaenda.

Kesho yake mama mkwe akawaka homa, anatetemeka mwili mzima. Hospitalini nesi akaniuliza mkojo ulibadilika lini, anakwenda mara ngapi kwa siku, unamuuma? Yote nikajibu sijui.

"Kwani nyumbani hakuna anayemwangalia?"

"Alikuwepo," nikasema. "Nimemfukuza jana."

Yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo, yameshapanda hadi kwenye figo. Nesi alisema kwa wazee huvuruga hata akili. Mama mkwe alipona baada ya siku nyingi za sindano, na fahamu zilipomrudia, wa kwanza kumuulizia alikuwa Dafroza. Nilimtafuta Ujiji yote, nikaulizia hadi kambini. Sikumpata, na aibu hiyo ninayo bado.

Kwa hiyo wewe unayetunza mzee, litazame kopo. Mkojo ukiwa na ukungu, ukinuka kuliko kawaida, akikojoa kidogo kidogo au akilalamika unachoma, usingoje homa. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Na akivurugikiwa ghafla, usianze kutafuta mchawi ndani ya nyumba. Aibu ya kutazama hupita, mwanangu. Mimi niliogopa kuvunja heshima, nusura nimzike mwenye heshima yake.

Mungu akupe macho ya kuona na moyo usio mwepesi wa kushuku. Na siku yako ya kuuguzwa ikifika, akujalie mtu asiyekuonea kinyaa.