Mkeka Uliokataa Kuenea Kwenye Kioo

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hunirudia kila nikikuona unatengeneza tovuti, nami hucheka peke yangu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, nimetoka kujifunza kompyuta pale Madungu, na kichwa kimenivimba. Nilidhani Pemba nzima hakuna anishindaye.

Wakati huo, wenzetu waliohamia Maskati walikuwa wanajenga msikiti, nao wakataka kuutandika mikeka ya nyumbani. Wakawaambia kina mama wa kijijini kwetu Chokocho: tuonesheni kazi zenu kabla ya Ijumaa, ama tutanunua mazulia. Bi Mwanakombo, mkubwa wa wasukaji, akanijia mwenyewe. "Mwanangu, tunakutegemea wewe."

Nikaipiga picha mikeka yao, nikazipanga ndogo ndogo kwenye ukurasa wa tovuti, wenzetu wa Maskati wapate kuufungua. Ukiibonyeza moja, inafunguka kubwa. Kwenye kompyuta kubwa ya darasani zilipendeza, wallahi! Sikujaribu kwengine. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini siku zile nani angeniambia?

Alhamisi asubuhi nikawaita kina mama, nikawafungulia kwenye kompyuta ndogo ya mwalimu wangu. Nikabonyeza. Kioo kizima kikajaa rangi nyekundu tupu.

Bi Mwanakombo akasogea. "Nini hii?"

"Mkeka wako, Bi."

"Huu ukili mmoja, utepe mmoja tu. Mkeka wenyewe u wapi?"

Picha ilikuwa kubwa kuliko kioo! Hata kitufe cha kuifungia kilikuwa nje, sikioni.

"Kompyuta hii mbovu," nikasema.

"Usiisingizie," akanijibu, bila ya kupaza sauti. "Mimi kabla sijashika ukindu huuliza kitanda kina upana gani. Wewe uliuliza?"

Nikainamisha kichwa. Kisha nikakaa nikaanza upya. Mara ya kwanza niliilazimisha picha ijaze kioo chote. Uso wa Bi, aliyekuwa ameushika mkeka pichani, ukatanuka kama shelisheli. Kina mama wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akafuta machozi. Mara ya pili nikaiamuru picha isizidi upana wa kioo wala kimo chake, na vyote viwili vipungue pamoja. Kitufe cha kufunga nikakiweka juu, mahali pa kuonekana, na jina la msukaji chini.

Nikabonyeza. Mkeka mzima, pindo kwa pindo! Vigelegele vilivyopigwa, majirani walikuja kuuliza nani kaolewa. Papo hapo nikawatumia wenzetu wa Maskati anwani ya ukurasa.

Kesho yake, hata adhana ya Ijumaa haijaadhiniwa, simu ikaja kutoka Maskati. Mikeka ya Chokocho ndiyo iliyochaguliwa! Bi Mwanakombo akanishika mikono yote miwili. "Wameuona mkeka wote," akawa anarudia. "Wameuona wote!"

Basi sikiliza, mwanangu. Kioo chako si kioo cha watu. Kabla hujamwita mtu, ifungue picha yako kubwa kwenye simu ndogo, kwenye simu kuukuu, kwenye kompyuta ya ofisini. Isikatwe, isivutwe, na mtazamaji umwachie njia ya kutokea. Ukikosea, usikisingizie chombo. Kosa moja haliachi mke. Keti urekebishe, maana picha ile imebeba jasho la mtu.

Mola akufungue fahamu, aitie baraka mikono yako, na kila utakachokitengeneza kiwafae waja wake. Amin, mwanangu.