Mzee Sason na Waya wa Sabato

Mzee Sason Amedi alitembea huku akitazama juu. Alifanya hivyo sokoni, alifanya hivyo akienda kwa kinyozi, na siku tulipomzika mkewe, Bi Farha, aliupanda mlima wa makaburi uso umeelekea angani, watu wakadhani anasali. Hakuwa anasali. Alikuwa anatafuta waya.

Kwa miaka arobaini na mmoja waya wa mtaa wetu ulikuwa dhamana yake. Umezunguka nyumba zetu zote hapa Yerusalemu, umefungwa juu ya nguzo, kuanzia ngazi za sinagogi hadi machimbo ya zamani ya mawe yanayotazama bonde. Ukiwa mzima, mtaa wote unahesabika kama ua mmoja, na siku ya Sabato mtu anaweza kutoka na mtoto mikononi, au sufuria, au kitabu cha sala. Ukikatika mahali pamoja tu, hakuna kubeba hata leso. Ndiyo maana kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana aliuzunguka wote kwa miguu, na kwenye kila nguzo alisema neno moja: "Upo."

Nilianza kumsindikiza mwaka niliorudi kwa mama, ndoa yangu ilipokwisha. Shule ninayofundisha hufungwa mapema Ijumaa, na sikuwa na mtu wa kumpikia. Hakuniuliza lolote. Alinipa fimbo yake niishike, tukaenda.

Njiani alimzungumzia Mfalme Sulemani kana kwamba aliwahi kuajiriwa naye. Wazee wetu husema Sulemani ndiye aliyeiweka sheria hii ya kuunganisha nyua, na kwamba siku hiyo sauti ilitoka mbinguni ikamwita "Mwanangu."

"Watu wanamsifia dhahabu," aliniambia. "Mbinguni walifurahia kamba! Unajua kwa nini? Dhahabu ilikuwa ya mfalme. Kamba ni ya mama mwenye mtoto mchanga."

"Na wale wake elfu moja, Mzee?"

"Ah! Mwalimu wa shule kaanza na wake." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasimama. "Sheria ilimwambia mfalme asizidishe wake, wasije wakaugeuza moyo wake. Sheria nyingine zinasema usifanye, basi. Hii alipewa na sababu yake. Akasema, kama sababu ni hiyo tu, mimi nitazidisha na moyo wangu hautageuka. Mpumbavu angeogopa, binti yangu. Kupotea namna ile kulihitaji akili nyingi."

Yeye mwenyewe alikuwa na sheria moja, ameiandika kwa mkono wake kwenye daftari la waya linalokaa sinagogi: Usiseme upo mpaka umeuona kwa macho yako. Chini yake hakuandika sababu.

Ijumaa moja ya mwezi wa Kislev, baridi inapoanza, upepo ulikuwa mkali. Tulifika machimboni, kwenye nguzo ya mwisho kabla ya bonde. Akainua uso. "Upo," alisema, na hapo hapo upepo ukamnyang'anya kofia. Niliikimbilia. Ilikuwa imenasa kwenye magugu chini ya nguzo, na nilipoinama kuichukua mguu wangu ukakwama kwenye kitu kigumu. Ulikuwa waya. Ncha yake ilikuwa imeshika kutu, na magugu yaliyoota tangu mvua za kwanza yalikuwa yameufunika.

"Mzee," nikasema, "waya uko huku chini."

"Uko juu. Naujua tangu kabla hujazaliwa."

"Mzee, nimeushika."

Alikuja polepole, akainama, akaupapasa kwa vidole. Akaipapasa kutu, kisha magugu. Niliyatazama macho yake kwa karibu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Yalikuwa na ukungu mweupe.

"Tangu lini huoni?"

"Tangu kabla ya sikukuu ya vibanda. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, watanikata. Nikasema, ya nini? Waya huu naweza kuuzunguka nimelala." Akakaa juu ya jiwe. "Niliujua, kwa hiyo sikuuona."

Nami nilikuwa nimepita hapo naye wiki hizo zote, nikisimulia mambo yangu, bila kuinua kichwa hata mara moja.

Jua lilikuwa limebakiza saa moja na robo kuzama na Sabato kuingia. Mwenye ngazi ndefu ya kuungia waya alikuwa ameshakwenda kwa wazazi wake Haifa. Na kesho yake mjukuu wa Shabtai, muuza nyama, alikuwa anatimiza siku nane. Angebebwa hadi sinagogi kutahiriwa.

Tulikwenda kwa Rabi Pinhas. Alisikiliza mlangoni, kanzu imefungwa nusu.

"Tangaza kwamba umekatika," alisema. "Wiki zilizopita zimekwisha kupita, watu hawakujua. Usiwatie uchungu."

"Sema ni upepo," nami nikaongeza. "Mzee, upepo upo kweli."

Alinitazama, au alitazama upande wangu. "Nikisema upepo, Ijumaa ijayo mtanipa tena fimbo nikauzunguke."

Wanaume walikuwa wameanza kukusanyika uani mwa sinagogi. Alipanda ngazi tatu, akashika ukuta.

"Jamaa, waya umekatika. Haukukatika leo. Umekatika wiki nyingi, sijui ngapi. Sikuuona kwa sababu macho yangu hayaoni, na sikuwaambia. Mmebeba vitu siku ya Sabato kwa neno langu. Kosa ni langu, si lenu."

Shabtai akasukuma watu akaja mbele.

"Wiki nyingi?"

"Wiki nyingi."

"Mimi nimebeba sufuria la supu ya madonge ya kube kila Sabato kwa mama mkwe! Supu inanimwagikia viatuni! Kumbe ni dhambi juu ya mateso!"

Mtu alicheka, lakini Shabtai hakucheka. "Na mtoto? Visu vya tohara viko humu ndani tangu asubuhi!"

"Jua bado lipo," Mzee Sason alisema. "Kimbia navyo nyumbani kwako. Mtoto asitoke. Sisi tutakwenda kwake."

Shabtai alikimbia na kisanduku cha visu chini ya aproni, akitukana mpaka kona ya mtaa, na kabla jua halijazama alikuwa amerudi, amevaa shati jeupe.

Asubuhi ya Sabato kina mama wenye watoto wadogo hawakuonekana. Wanaume walifunga leso zao viunoni kama mikanda, maana kinachovaliwa hakihesabiwi kubebwa. Baada ya sala watu hamsini walipanda ghorofa tatu hadi kwa Shabtai, na Mzee Sason alibaki karibu na mlango, nyuma ya makoti.

"Yuko wapi yule kipofu?" Shabtai aliuliza. "Mleteni akae kwenye kiti cha heshima. Mtoto atatahiriwa magotini pake."

"Shabtai, tafuta mtu anayefaa," Mzee alisema.

"Macho yako siyataki, nataka magoti. Magoti yana mtoto wa jicho? Basi kaa!"

Alikaa. Nilimwona akipapasa mikono ya kiti mpaka mto ulipowekwa magotini pake na mtoto juu ya mto. Hapo akatulia kabisa.

Jumapili, waya ulipokwisha kuungwa, alilikabidhi daftari kwa Rabi. Rabi aliuliza nani atauzunguka waya, na Mzee akanitaja mimi. Wengine walinung'unika kwamba ni mwanamke. "Ndiye aliyeniambia," alijibu.

Hakukubali kupasuliwa macho. Ukaidi huo alibaki nao. Aliishi miaka miwili zaidi. Kila Ijumaa kabla ya kwenda kuzunguka nilipita kwake, na mara ya mwisho alikuwa kitandani, bintiye ameketi kando na bakuli la supu. Nilidhani amelala. Nikageuka kuondoka.

"Sulemani, wake elfu moja nyumbani mwake," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyemwambia, 'Mzee, waya uko huku chini.' Au walimwambia, naye akasema uko juu. Haya, nenda, binti yangu, jua linakuacha."